Mfungo wa Mama Kwaresima

Mteja mjanja alikuwa anapeleka kochi lake kwa fundi huyu wa makochi wiki ya Jumatano ya Majivu, si kabla wala baada. Ukilipeleka mapema utalikuta limevuliwa kitambaa, sponji inatafunwa na panya, na fundi mwenyewe yuko ng'ambo ya barabara kwenye baa anaimba. Ukichelewa mpaka Pasaka ikapita, basi tena, kaa chini mpaka mwakani. Lakini Kwaresima! Kwaresima fundi alifungua banda lake mapema kuliko wauza mkate, ameoga, amenyoa ndevu, misumari midogo ameibana kwenye midomo, na mkono hautikisiki hata chembe. Walevi wenzake wakampa jina la Bwana Kwaresima, na mkewe, apende asipende, akawa Mama Kwaresima.

Msidhani ulikuwa mfungo wa kuzugia watu. Tone halikupita kooni. Wenzake walimwita kutoka ng'ambo, wakamwambia Jumapili haihesabiwi kwenye mfungo, hata katekista analijua hilo, na yeye akawajibu bila kuinua macho kwenye kazi, "Basi kanywe na katekista." Alikwenda kanisani, alibeba msalaba mkubwa siku za Njia ya Msalaba kwa sababu alikuwa na mabega, na alirudi nyumbani jua lingali linawaka. Kisha Pasaka ilifika, watu wanapeana mikono, Aleluya, na ikifika saa ya chakula cha mchana fundi ameshavuka barabara. Kwake yeye hapakuwa na ubaya wowote. Mfungo umekwisha, si umekwisha?

Mkewe naye alikuwa na mfungo wake, na huo ndio uliomponza. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwenye duka la dobi, kutwa nzima amesimama kwenye mvuke, na mwaka mzima alimsema mumewe kuhusu pombe hadi majirani walijua maneno yote kwa moyo. Basi miaka mingi nyuma, akiwa bado na majivu kwenye paji la uso, alimwahidi Mungu kwamba Kwaresima yote hatatamka neno moja juu ya pombe, wala juu ya lolote lililoletwa na pombe. Padre wa wakati ule alimsifu sana. Alisema kufunga ulimi ni kugumu kuliko kufunga nyama. Mama akaondoka kifua mbele, na ahadi ile hakuivunja hata mara moja.

Wana mtoto mmoja tu, binti, yuko sekondari. Pasaka ya mwaka juzi fundi alirudi nyumbani amelewa chakari, akataka chai, akaona imechelewa, akalirusha birika. Hakumlenga mtu, hilo lazima lisemwe, lakini chai ya moto haikuwa na habari ya nani kalengwa na nani hakulengwa. Mkono wa binti uliungua kuanzia kwenye kiwiko mpaka kiganjani. Asubuhi baba mtu aliamka hakumbuki kitu, akaona bendeji, akaruka kutoka kitandani, "Mwanangu amefanya nini?" Na mama, kwa huruma au kwa woga, au kwa kuona haya tu asubuhi ile, akasema, "Birika liliniteleza."

Aliwaza atamwambia akiwa na akili zake. Lakini akili za mumewe zilikuja na Kwaresima, na Kwaresima yeye alikuwa amefunga mdomo. Binti alipopona alihamia kwa mama yake mdogo upande wa pili wa mji. Kwao alikuja na majivu, akaondoka na kengele za Pasaka. Hii ilikuwa Kwaresima yake ya pili kuja hivyo.

---

Alifika jioni na begi moja. Baba yake alikuwa ameshaosha vyombo, ndiyo, mwenyewe, na meza ilikuwa imepanguswa.

"Karibu nyumbani, mama," alimwambia. Hivyo ndivyo alivyozoea kumwita. "Hee, umekonda! Huko kwa mama yako mdogo wanakulisha nini, vidonge?"

Mama mdogo alikuwa muuzaji kwenye duka la dawa. Binti akacheka. Ungewaona jioni zile ungesema hakuna nyumba nyingine chini ya jua. Baba alimsikiliza binti akisoma masomo yake kwa sauti, akamuuliza maswali ya kijinga makusudi, binti akamwambia, "Baba, wewe ulikwenda shule kufanya nini?" naye akajibu, "Kukalia madawati nione yametengenezwaje." Mama aliwasikiliza akiwa jikoni huku moyo umemjaa, akitamani mtu azuie kalenda.

Bandani, nyuma ya viti vya wateja, fundi alikuwa anatengeneza kitu alichokifunika kwa turubai. Wiki ya tatu alimwita mkewe akakifunua. Kilikuwa kitanda cha kochi, chembamba, kimevishwa kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye kazi ya hoteli, na pembeni ameweka kimeza cha kuandikia.

"Cha mteja gani?" mkewe aliuliza.

"Cha mwanangu. Pale kwenye kona ya sebule kitaenea, nimepima." Alikipigapiga kofi. "Bibie, hebu niambie kweli. Kwa mdogo wako kuna nini ambacho hapa hakipo? Shule ni ileile. Chakula tunampa. Nimemuuliza, ananitazama tu. Nilimkosea?"

Hapo ndipo mtu mwingine angesema. Mume ni mzima, amekaa kwenye kigoda, ameuliza kwa mdomo wake mwenyewe. Mama alishika kitambaa kile cha bluu, akakisugua kati ya vidole kama anayechagua nguo sokoni.

"Watoto wa siku hizi," alisema. "Wanapenda mjini katikati."

"Mm." Fundi akarudisha turubai. "Basi akikiona hiki atabaki. Lazima abaki."

---

Ijumaa iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwao. Watu walijaa sebuleni mpaka mlangoni, viti vimeazimwa kwa jirani, na makochi mawili ya wateja yamebebwa kutoka bandani, kwa hiyo angalau wazee walikaa kifahari. Walipomaliza Njia ya Msalaba, mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza gwaride, alisimama.

"Ndugu zangu, sisi tunafunga nyama huku mate yanatutoka tukipita buchani. Mtazameni ndugu yetu huyu! Kwaresima ikifika anakuwa mtu mpya. Hiyo ndiyo roho ya Kwaresima. Tumpigie makofi."

Walimpigia. Fundi alitazama chini kwa furaha, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utani akitazamwa sana, alitafuta neno la kuyaondoa macho yao kwake. Wakati huohuo binti alikuwa anagawa chai, mkono wa sweta umepanda juu, na bibi mmoja akamshika.

"Maskini, kovu lenyewe hili bado? Birika hilo, jamani!"

"Mwulize mama yake," fundi akadakia akicheka. "Mikono yake imezoea pasi tu. Birika likimwona linakimbia! Mimi nikitaka chai siku hizi namwambia kaa mbali, nitajimiminia mwenyewe."

Watu walicheka. Si kicheko kibaya, kicheko cha jumuiya, cha watu wanaojuana. Bibi akamwambia mama, "Uwe makini, mwanangu, mtoto wa kike ni ngozi." Na mama alicheka pamoja nao. Alifunika mdomo kwa kiganja akasema, "Ndiyo, nilizembea."

Binti aliweka trei chini, taratibu, akatoka nje.

Mama alimkuta nyuma ya nyumba, ameegemea tangi la maji.

"Ulicheka," binti alisema.

"Ningefanyaje mbele za watu?"

"Ulicheka, mama."

"Usipaze sauti, watu wamo ndani."

"Mimi sina shida na pombe yake," binti alisema, na sauti hakuipunguza. "Kule mtaani kina baba wangapi wanakunywa? Shida yangu ni kwamba ananiuliza kwa nini siishi hapa, ananiuliza kwa upendo kabisa, na mimi nasimama kama mwizi. Mnanifanya nionekane mtoto mwenye kiburi. Mwambie. Ukimwambia nitabaki, hata akinywa, nitabaki. Usipomwambia, Pasaka hii nikiondoka siji tena, hata hiyo Kwaresima."

"Nimefunga, mwanangu. Nimemwahidi Mungu."

Binti alimtazama mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Alichukua ndoo akaanza kuosha vikombe vya wageni.

---

Mama alikwenda kwa mdogo wake dukani. Alisubiri mteja wa dawa ya kikohozi aondoke, kisha akamweleza yote, akiegemea kaunta, huku akijipangusa macho kwa ncha ya kilemba.

Mama mdogo alikuwa mwanamke wa maneno makavu. "Dada, ngoja nielewe. Mwaka mzima amelewa hasikii, ndipo unapomsema. Ikifika Kwaresima masikio yamezibuka, wewe unafunga mdomo."

"Ni mfungo."

"Mfungo gani huo? Huo ni likizo. Umejipa likizo ya kuogopa, ukaiwekea majivu juu."

"Usikufuru."

"Mimi nakufuru?" Mama mdogo alianza kupanga maboksi ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. "Mtoto analala kwangu miaka miwili sasa. Akisikia birika linachemka anatoka nje. Simfukuzi, ni wangu pia. Lakini anakutaka wewe, si mimi. Kamwambie mumeo angali ana akili, kabla kengele hazijalia."

Maneno yale yalimchoma mama kwa sababu yalikuwa ya kweli, naye alijua hivyo hata kabla hajafika pale dukani. Akaona akaungame kwanza, apate ruhusa. Siku ya maungamo foleni ilizunguka kanisa, maana watu wote huwa wanakumbuka dhambi zao wiki moja. Sanamu zote zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya zambarau ambavyo yeye mwenyewe alivipiga pasi. Alipopiga magoti mbele ya padre alianza, "Padre, nimemwahidi Mungu nisiseme, na sasa nataka kusema..."

"Umesengenya, mama?"

"Hapana, Padre. Ni mume wangu. Kuna jambo halijui, na mimi nimefunga..."

Padre alikuwa ameungamisha tangu asubuhi. Sauti yake ilikuwa imechoka hadi inatia huruma. "Mama, nyumbani kuwe na amani. Kwaresima si wakati wa ugomvi. Samehe, vumilia. Sali Salamu Maria tatu."

Alisali zote tatu na hazikumsaidia kitu. Akatoka bila ruhusa na bila katazo, na ile njia yote ya kurudi nyumbani alikuwa anajisemea kwa sauti ndogo, watu wakampisha.

---

Mama alisema Ijumaa Kuu, baada ya ibada ya mchana. Fundi alikuwa amebeba msalaba kuzunguka mtaa mzima bila kula kitu tangu jana yake, na bega lilikuwa limechubuka. Alikaa bandani kwenye kigoda, milango imerudishwa nusu, anashona mkanda wa mwisho kwenye kile kitanda cha bluu. Hakuwa anafanya kazi, alisema, siku kama ile hafanyi kazi. Ile ilikuwa zawadi tu.

"Weka sindano chini," mkewe alimwambia.

"Namalizia."

"Iweke chini, baba. Nataka kuvunja mfungo wangu."

Fundi alifikiri anamletea chakula, akatabasamu. Mama akasema. Alisema yote akiwa amesimama, bila kupamba. Pasaka ile, saa ile, chai, birika, mtoto. Alisema na uongo wake mwenyewe wa asubuhi ile. Hakulia. Alipomaliza alishangaa maneno yote yale yalivyokuwa machache.

Fundi alibaki na uzi mkononi.

"Mimi?"

"Wewe."

"Kwa mkono wangu?"

"Hukumlenga. Ulirusha tu."

"Alilia?"

Swali hilo mama hakulitarajia. "Alilia sana. Alikuwa anakuita wewe umsaidie."

"Na mimi nilifanya nini?"

"Ulilala."

Fundi aliinamisha kichwa. Kisha akasema, polepole, "Na mmeniacha nicheke. Mbele ya jumuiya yote nimemfanyia mzaha, na wewe ukacheka."

"Nilikosa."

Akainuka, akampita, akaingia ndani. Binti alikuwa mezani na vitabu. Baba alivuta kiti akakaa mbele yake, akasema, "Nionyeshe, mama." Binti akamtazama mama yake mlangoni, akaelewa. Akapandisha mkono wa sweta. Fundi, ambaye vidole vyake vilijua kila aina ya kitambaa, alipitisha kidole kimoja kutoka kwenye kiwiko hadi kiganjani, na ngozi ilikuwa na mikunjo iliyokaza.

"Nisamehe," alisema.

"Nilishakusamehe, baba. Nilikuwa nangoja ujue tu."

Na alikuwa anasema kweli. Alilia kwa furaha, akamwegemea baba yake begani, kwenye lile bega lililochubuka, naye hakujitoa. Mama alishika fremu ya mlango. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mdogo wake, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili aliiona Pasaka kama sikukuu. Jioni ile binti alitoa nguo zake kwenye begi akazipanga kabatini. Fundi alikaa kwenye kiti kilekile. Walimkaribisha chakula akasema bado amefunga.

---

Jumamosi asubuhi alisema anapeleka viti viwili kwa mteja. Aliviacha bandani. Mchana ulipita. Jioni mtu alibisha hodi, na alipofunguliwa alikuwa Kipara, rafiki mkubwa wa fundi kwenye glasi, kofia mkononi, amejikunja kama mtu aliyeleta habari za msiba.

"Shemeji, samahani. Naomba usinifikirie vibaya."

"Kuna nini?"

"Amekuja pale kwetu. Mimi nikadhani anakuja kututania kama kawaida. Kumbe anaagiza! Nikamwambia, 'Bwana Kwaresima, siku bado, kesho ndiyo kesho.' Shemeji, haki ya Mungu tulimkatalia. Hata mwenye baa alimkatalia, tena yule hasali popote. Tulimwambia, 'Wewe ndiye tunayekutegemea, sisi wengine tumeshindwa, wewe usituangushe.'" Kipara alikuwa karibu kulia, na pumzi yake ilinuka. "Akatutukana. Amekwenda baa ya kule chini kwa watu wasiomjua. Nilimfuata nikarudishwa na ngumi."

Mama alitaka kumcheka huyu mlevi aliyekuja kumshtaki mlevi mwenzake, lakini kicheko hakikuja. Nyuma yake binti alikuwa amesimama.

"Amesema kwa nini?" binti aliuliza.

Kipara alimtazama, akatazama mkono, akaivaa kofia yake. "Hakusema kitu, mwanangu," alidanganya.

---

Misa ya asubuhi ya Pasaka ilikuwa imejaa hadi nje. Maua, nguo mpya, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa. Mama, binti na mama mdogo walipata nafasi katikati. Fundi hakuwa amelala nyumbani. Mwenyekiti wa jumuiya aligeuka kutoka benchi la mbele akauliza kwa ishara ya nyusi, yuko wapi mtu wetu, na mama akajibu kwa ishara ya mkono, anakuja.

Alikuja kweli. Padre alikuwa amewasimamisha watu wote warudie ahadi za ubatizo.

"Mnamkataa Shetani?"

"Tunamkataa!"

"Namkataa!" Sauti moja ilichelewa, kubwa, kutoka mlango wa nyuma. Watu waligeuka. Fundi alikuwa amesimama kwenye njia ya katikati, vifungo vya shati vimepishana, suruali ina tope.

"Na mambo yake yote?"

"Tunayakataa!"

"Namkataa!" Alikuwa anatembea kuja mbele, akishika benchi moja baada ya jingine. Vijana wa kwaya walianza kucheka chinichini. Padre alisita, akaamua kuendelea.

"Mnamsadiki Mungu, Baba Mwenyezi?"

"Tunasadiki!"

"Namkataa!"

Kicheko kilikatika chote. Mtoto mmoja mchanga alilia. Fundi hakujua alichosema, alikuwa bado kwenye maswali ya mwanzo, anajibu kwa nguvu zake zote, machozi yanamtoka. "Namkataa! Namkataa, Padre!" Mzee mmoja wa kanisa alianza kujipenyeza ili amtoe. Mama alitaka kwenda na hakwenda. Aliona haya, na kuona haya kwake kulimfanya ajichukie.

Aliyekwenda ni binti. Aliwapita watu, akafika kwenye njia ya katikati, akanyoosha mkono kumshika baba yake, ule mkono wenyewe, maana ndio uliokuwa karibu. "Baba, twende tukae," alisema.

Fundi aliutazama mkono ule. Akarudi nyuma. Binti akasogea, naye akarudi tena, ameinua viganja vyote viwili mbele ya kifua kama mtu anayeombwa kitu asichokuwa nacho. "Usiniguse, mama. Usiniguse." Akajigonga kwenye benchi, akageuka, akatoka nje huku anaanguka na kuinuka. Binti alibaki amesimama peke yake katikati ya kanisa hadi mama mdogo alipomfuata akamkumbatia. Padre aliuliza swali lililofuata na watu wakajibu.

---

Walimkuta nyumbani, chini, mgongo kwenye ukuta wa jikoni. Pombe ilikuwa inamtoka, na akili zilikuwa zinarudi, kwa bahati mbaya.

Binti alichuchumaa mbali kidogo. "Baba, nilikwambia nimekusamehe."

"Nimesikia."

"Basi nitabaki. Nimeshapanga nguo."

"Usibaki." Alisema bila ukali wowote, ameuangalia mlango wa kabati la vyombo. "Ukikaa hapa nitakunywa kila siku, mama. Nikikutazama usoni macho yanashuka yenyewe yanakwenda huko chini. Siwezi. Nimejaribu juzi usiku kucha. Nenda kwa mama yako mdogo, nenda leo."

Binti alingoja abadilishe neno. Alingoja sana. Mwishowe aliingia chumbani, akazitoa nguo kabatini akazirudisha kwenye begi. Mama alimfuata akimwambia hajui anachosema, ni pombe, kesho atakuwa sawa, na binti akajibu, "Mama, mara hii si pombe." Alimbusu mama yake shavuni. Hakumlaumu kwa lolote, na hilo ndilo lililokuwa zito. Mama mdogo alichukua begi. Mama aliwasindikiza hadi barabarani, akarudi.

Fundi alikuwa amenawa uso. Alikuwa anatafuta viatu.

"Jumatano ya Majivu nitakwenda kumchukua mwenyewe," mama alisema. "Utakuwa umetulia. Atakuja kama siku zote."

"Asije."

"Utakuwa umefunga..."

"Nifunge ili iweje?" Alikuwa anakaza kamba ya kiatu. "Unajua kwa nini nilikuwa nafunga? Nilikuwa najiambia, mtu anayeweza kuacha hivi, kwa hiari yake mwenyewe, hawezi kuwa mtu mbaya. Nikawa na wiki kadhaa za kujipenda. Sasa nimeshajua mimi ni nani. Nifunge nini tena?"

Mama alikuwa na jibu. Ajabu, jibu lilikuwa tayari kabisa, amelisikia kila mwaka kwenye mahubiri bila kulijali, kwamba mfungo ni wa watu wa namna hiyo hasa, wanaojijua, na kwamba ile miaka mingine yote walikuwa wanacheza tu, yeye na mumewe, na sasa ndiyo wangeanza. Angemwambia. Hakuwa na ahadi yoyote ya kumzuia, angesema kwa sauti ya chini au ya kupiga kelele, majirani wasikie. Alifungua mdomo.

Lakini fundi alikuwa ameshatoka, anavuka barabara, na kule ng'ambo Kipara aliinuka akamvutia kiti. Leo ilikuwa Pasaka, hawakuwa na sababu ya kumkatalia.